Waya ya Pili

Ifahamike kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye vyeo na wasio na vyeo, kwamba siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Idara ya Upelelezi wa Jinai iliitwaa rasmi korido ya chumba cha mishipa ya moyo, ikafunga milango yake miwili, na kutangaza kwamba hakuna kiumbe atakayeingia wala kutoka mpaka mhalifu apatikane.

Idara yenyewe ilikuwa shangazi yangu, akiwa likizo, amevaa kandambili za hospitali, moja ya bluu na nyingine ya kijani.

Kandambili hazikumpunguzia kitu. Shangazi ana miaka ishirini na sita katika upelelezi. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na akikutazama tu unaanza kukumbuka makosa yako ya zamani. Yeye na baba yangu ni tumbo moja, yeye wa kwanza, baba wa mwisho. Dakika ile baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, amelala chali mezani, macho wazi, na waya nyembamba kama uzi wa kushonea imeingizwa kwenye kifundo cha mkono wake, ikapanda mpaka begani, ikashuka mpaka kwenye moyo.

"Shika," shangazi aliniambia, akanirushia daftari na kalamu. "Wewe ndiye karani wangu. Kila neno, kila saa. Angalau shule ya bweni imekufundisha mwandiko."

"Imenifundisha na kukaa wima, Shangazi."

"Naona. Mgongo kama rula. Andika."

Nikaandika.

Tukio lilikuwa hivi. Mshipa wa kulia wa moyo wa baba ulikuwa umeziba kabisa, na kizibo kilikuwa kimekaa muda mrefu mpaka kikakauka na kuwa kigumu kama chokaa. Kazi ya daktari ilikuwa kupenyeza waya katikati ya kizibo hicho. Waya ikishapita, juu yake hupitishwa puto dogo la kupanua njia, kisha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki humo kuuzuia mshipa usifunge tena. Waya isipopita, hakuna puto wala stenti.

Waya ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka kwenye kizibo, kisha ikapotea. Badala ya kufuata njia ya damu, ilijichimbia ndani ya ukuta wa mshipa. Daktari akasimama. Akaomba ya pili, ile ngumu yenye ncha iliyochongoka, ambayo hospitali nzima ilikuwa nayo moja. Sista, muuguzi wa chumba hicho, akaileta bahasha ya kaki iliyofungwa kwa muhuri, akaichana.

Ndani kulikuwa na feni ya kadibodi. Ni zile za kujipepea kwa mkono, mviringo kama sahani, zenye tundu la kuingiza kidole gumba. Imeandikwa kwa herufi nyekundu: MOYO WAKO, FURAHA YETU.

Sista aliitazama feni. Daktari aliitazama feni. Baba, ambaye hakuchomwa sindano ya usingizi, aliitazama feni, akauliza kama ndiyo inayoingizwa.

Hivyo ndivyo shangazi alivyoitwa kutoka kwenye benchi tulilokuwa tumekaa koridoni.

Saa nne na dakika kumi na nne. Tulisimama kwenye kichumba cha mitambo, penye skrini nne na kioo kizito kinachotazama mezani. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, aliongea nasi kwa kipaza sauti bila kuitoa mikono yake kwenye mrija unaopitisha waya.

"Nina dakika arobaini," alisema. "Ile dawa ninayomwaga ili mishipa ionekane kwenye eksirei inakaribia kiwango ambacho figo zitagoma. Na damu nimeifanya nyepesi, siwezi kuiacha hivyo siku nzima. Ikifika saa nne na dakika hamsini na nne waya haiko mkononi mwangu, nachomoa kila kitu."

"Uchomoe, uje umalizie kesho," shangazi alisema.

"Kesho ipi, Mama? Moyo wake wote sasa unalishwa na mshipa wa kushoto, nao umeanza kusinyaa. Wapasuaji wamemkataa, mapafu yake hayastahimili. Waya nyingine kama ile imeagizwa, inafika baada ya wiki sita." Akaitupia jicho skrini ya mapigo ya moyo. "Sina wiki sita za kumpa."

Nimeandika neno kwa neno. Mwandiko wa mstari huo si mzuri sana.

Shangazi alikuwa anaitazama skrini, mahali ambapo waya ya kwanza ilionekana kama ufa mweusi kwenye kivuli. "Na hiyo iliyopotea, kwa nini hujaitoa?"

"Hiyo siigusi. Nikiitoa, ya pili itatumbukia kwenye shimo lile lile. Naiacha palepale inionyeshe nisipite wapi, halafu ya pili naipitisha kando yake, bega kwa bega, mpaka ipate njia ya kweli."

"Unaiacha iliyokosea."

"Ndiyo ramani pekee niliyonayo."

Spika ikakoroma, ikaja sauti ya baba. Baba yangu ni fundi lifti. "Dada? Hapa tumekwama kati ya ghorofa na ghorofa. Mwambie fundi asikawie."

"Nyamaza, pumua."

"Mtoto yuko hapo?"

"Yupo. Anaandika."

"Anaandika nini?"

"Kila kitu."

"Hapo ndipo penye wasiwasi," alisema baba, na daktari akamwomba asicheke.

Saa nne na dakika kumi na saba. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye jengo lote humwita Saini. Kwake pamba haitoki bila sahihi yako, jina lako na saa. Watu husema hata salamu yake unaipokea kwa kusaini. Dirisha la stoo yake linatazamana na benchi letu, hatua nne tu.

"Bahasha ilitoka kwako saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika thelathini na moja." Hakuhitaji kutazama kitabu, lakini alikitazama.

"Waya ilikuwa ndani?"

"Afande, niliiweka mwenyewe. Ile pakiti yake ya plastiki, bapa, waya imezungushwa humo kama pete. Nikaitia kwenye bahasha, nikabandika utepe, nikagonga muhuri juu ya utepe. Nikaiweka hapa dirishani ili Sista asaini."

"Akasaini?"

Mzee akavua miwani. "Sista aliitwa kwenda kumpokea mgonjwa. Akaondoka kabla ya kusaini."

"Ukafanya nini?"

"Nikamfuata na kitabu."

"Bahasha ukaiacha wapi?"

Mzee alilitazama dirisha lake kana kwamba limemtukana. "Dirishani."

"Uliiacha mali, ukaikimbilia sahihi."

"Afande, bila sahihi ile isingeweza kutoka!"

"Imetoka, Mzee. Dakika ngapi ulikuwa mbali?"

"Tatu. Nimeandika. Kutoka saa mbili thelathini na mbili mpaka thelathini na tano." Aligeuza kitabu tuone. Kweli aliandika. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akasema, "Yule ndugu yako alinitengenezea lifti ya stoo bure. Nilikuwa nabeba katoni kwa ngazi."

Shangazi alimgusa bega, akaomba bahasha.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Aliikagua bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Utepe wa juu ulikuwa mzima, na muhuri ulikuwa umekatika pale tu Sista alipochana. Akaigeuza juu chini. Akapitisha ukucha kwenye mshono wa chini, polepole, ukucha ukazama.

"Imefunguliwa chini," alisema. "Ikarudishiwa gundi. Mzee, hii ni gundi yako?"

Saini alinusa. "Yangu ni ya kopo, inanuka mpaka nje. Hii haina harufu. Hii ni ya kile kijiti cha kusugua."

"Watu wote hufungua bahasha kwa juu," shangazi alisema, mimi nikiandika. "Na wote huikagua kwa juu. Huyu anajua hilo." Akafikiri. "Mwizi wa kawaida angebeba bahasha yote, akatokomea. Huyu alikaa hapa akabandika gundi kwa utulivu. Hakuwa na haja ya kuuza waya. Alitaka waya isiwepo, na alitaka isijulikane mapema."

Korido ilikuwa na joto la kupikia mkate. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ya chumba cha moyo tu, huku nje tulikuwa tunabaki na ile hewa inayotoka nyuma yake. Sista alikuja mlangoni, akajipepea kwa feni yake ya kadibodi, akasema, "Afande, dakika thelathini na mbili," akarudi ndani. Saini alijipepea kwa yake. Mimi nilijipepea kwa daftari.

Na hapo shangazi akaigeukia feni.

"Hizi zimetoka kwa nani?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Mwisho wa benchi, karibu na mlango uliofungwa, alikaa mchuuzi wa vifaa vya hospitali, kijana mwenye viatu vyenye ncha ndefu na begi la magurudumu. Watu humwita Tabasamu kwa sababu anatabasamu hata akipiga chafya. Asubuhi ile alikuwa ameingia saa mbili kamili na kumpa kila mtu feni moja kama anagawa baraka.

Alikuwa bado anatabasamu, ila kwa mdomo tu.

"Kaka, njoo. Begi uje nalo."

Saa nne na dakika ishirini na sita. Naandika hapa, kwa uaminifu wa karani, kwamba shangazi alianza kwa kuniuliza mimi.

"Kati ya saa mbili thelathini na mbili na thelathini na tano, mimi nilikuwa wodini namsukuma baba yako kwenye kitanda cha magurudumu. Wewe ulikuwa hapa. Ulimwona nani karibu na dirisha la stoo?"

Nikasema ukweli mtupu. "Nilimwona Bwana Tabasamu. Alisimama karibu na dirisha, amelipa mgongo, anaongea na simu."

"Dada mdogo!" Tabasamu alishtuka. "Nilikuwa natafuta mtandao! Pale ndipo unaposhika!"

"Fungua begi."

"Afande, ni sampuli tu..."

"Fungua."

Ndani ya begi kulikuwa na feni tano zilizofungwa kwa mpira, shati la akiba, vijitabu vya kampuni, na chini kabisa, pakiti bapa ya plastiki yenye waya iliyozungushwa kama pete.

Saini alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Shangazi aliichukua pakiti kwa ncha za vidole, akaingia nayo mbio kwenye kichumba cha mitambo, akaibandika kwenye kioo. Nilimfuata. Daktari aliinua macho, uso ukajaa mwanga, akasogea kusoma maandishi, na tuliuona mwanga ule ukizimika.

"Siyo yenyewe," alisema. "Hiyo ni laini. Ncha yake ni kama unyoya, ni ya kupita kwenye mshipa ulio wazi. Nikiipeleka kwenye chokaa hii itajikunja tu."

"Huwezi hata kujaribu?"

"Mama, ningejaribu na mswaki kama ungefaa."

Baba alikuwa ameyafumba macho. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na Sista alikuwa anamfuta kwa kitambaa. Kwenye skrini moja, mstari wa mapigo ya moyo ulikuwa umeanza kuruka ruka.

"Amepata maumivu kifuani," daktari alisema kwa sauti ya kawaida, kwa ajili ya baba, kisha akazima spika ya ndani na kumalizia kwa ajili yetu. "Huo mshipa wa kushoto unachoka. Fanyeni haraka. Tafadhali."

Saa nne na dakika thelathini na tatu. Tulirudi koridoni. Tabasamu alikuwa analia, na kwa kuwa uso wake haukuzoea, machozi yalipita juu ya tabasamu.

"Mimi nauza tu, Afande. Ile ngumu kampuni yetu haina. Ningeichukua nifanyie nini? Ningependa waya zenu ziishe, sawa, lakini si mtu akiwa mezani! Mama yangu pia ana moyo!"

"Kila mtu ana moyo," alisema shangazi. "Kaa hapo katikati, kwenye hicho kiti. Usiondoke, usiguse kitu."

"Kwa hiyo unanikamata?"

"Nakuacha ulipo."

Hapo niliomba ruhusa kwenda msalani. Nilisema nitakuwa mwepesi, dakika moja, na nitapita kupitia stoo, kuna choo cha nyuma. Shangazi alisema hakuna mtu atakayeondoka, hata kama ni damu yake mwenyewe, na nijikaze. Nikajikaza. Natoa taarifa hii nikiwa na uzoefu fulani wa mambo ya kuhojiwa, kwa kuwa muhula uliopita nilihojiwa kwa saa mbili kuhusu ulimi wa kengele ya shule uliopotea asubuhi ya mtihani wa hesabu, suala ambalo halihusiani.

Sista akatokea mlangoni. Hakujipepea tena. "Dakika kumi na nane."

Shangazi alisimama mbele ya kiti cha Tabasamu, mikono nyuma, kandambili ya bluu ikigonga sakafu. Nimewahi kumwona akifikiri, lakini sijawahi kumwona akifikiri huku akitazama saa kila mara.

"Kila kitu kinamwelekea huyu," alisema, akiongea na ukuta. "Feni yake. Begi lake. Amesimama dirishani. Ukimfuata huyu unaingia moja kwa moja ukutani." Akamtazama Tabasamu kama daktari alivyoitazama skrini. "Sawa. Abaki hapo. Tupite kando yake, karibu kabisa. Kaka, asubuhi ulikuja na feni ngapi?"

"Kumi."

"Zimebaki tano begini. Umegawa tano. Kwa nani?"

Tabasamu alihesabu kwa vidole, akivuta makamasi. "Daktari. Sista. Mzee wa stoo. Wewe Afande. Na huyu dada mdogo."

"Hukuacha moja mahali? Juu ya meza, kwenye kiti?"

"Nampa mtu mkononi, Afande. Ndivyo tulivyofundishwa kazini. Mkononi, na unamtazama machoni."

"Basi iliyotoka kwenye bahasha ni moja kati ya hizo tano, na kuna mtu mmoja hapa asiye na feni." Akapaza sauti. "Sista! Feni yako na ya daktari!"

Sista alizileta mbio. Ya kwake ilikuwa mfukoni, imekunjika. Ya daktari ilikuwa mezani kwenye mitambo, na mduara wa kikombe cha chai ulikuwa umechorwa juu ya neno FURAHA. Saini alileta yake bila kuitwa. Alikuwa ameshaibandika karatasi: MALI YA STOO, na tarehe. Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa ya kwake. Akazipanga nne kwenye benchi.

Hakuuliza ya tano iko wapi. Aligeuka tu, akanikuta nimesimama mgongo wima, najipepea kwa daftari.

Sista alitazama saa ya ukutani. Mimi niliendelea kujipepea, kwa kuwa mkono haukujua kwamba umeshakamatwa.

"Joto?" shangazi aliuliza.

"Joto, Shangazi."

"Joto kali?"

"Kali."

"Mbona umevaa sweta?"

Nimehojiwa na walimu, matroni, na kiranja mkuu mwenye tochi. Hakuna kati yao aliyewahi kuniuliza kuhusu sweta.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Aliinua sweta la shule kwa nyuma, na pale, bapa juu ya uti wa mgongo wangu, ukingo wake umechomekwa kwenye mkanda wa sketi, ilikuwapo pakiti ya plastiki, waya ndani yake imezungushwa kama pete, bila kukunjika popote. Nilikuwa nimekaa wima saa mbili nzima ili isikunjike.

Shangazi hakunipiga. Aliishika pakiti kama mtu anayebeba yai, akakimbia. Kandambili ya kijani ilibaki katikati ya korido.

Saa nne na dakika arobaini na moja.

Kutoka hapa karani hakuandika saa, kwa kuwa hakuwa anaona vizuri. Naandika kwa kumbukumbu. Daktari aliikagua pakiti kwenye kioo, akaigeuza pande zote, akasema, "Haijafunguliwa. Ni safi." Sista akaipangusa nje, akaichana, na ya ndani ikatoka bila kuguswa na mkono mtupu. Daktari alichukua ncha yake, akaikunja kidogo kwa sindano, mkunjo mdogo kama wa kope. Akaipitisha ndani ya mrija. Kwenye skrini ikatokea, nyembamba, nyeusi, ikaifikia ile ya kwanza, zikaenda bega kwa bega. Pale ya kwanza ilipoingia ukutani, ya pili ilisimama.

Daktari alikuwa anaizungusha kwa vidole viwili, polepole, huku akigeuza mashine ya eksirei kuitazama kwa upande mmoja, halafu upande mwingine. Ikapiga chokaa, ikarudi. Akaigeuza ncha. Ikapiga, ikarudi. Baba alikuwa anasema kitu bila sauti. Nilijua anahesabu ghorofa, ndivyo anavyofanya akiwa juu ya lifti.

Halafu ya pili iliteleza. Haikuwa kwa nguvu. Iliteleza tu kando ya mwenzake, ikashuka, ikaendelea kushuka mpaka sehemu ambayo haikuwahi kuonekana tangu asubuhi. Daktari akamwaga dawa kidogo kutoka upande wa kushoto kuhakikisha, na kivuli cha mshipa kikaizunguka waya pande zote, ikiwa katikati.

"Imepita," alisema daktari, kwa sauti ndogo, kana kwamba hakutaka ile waya imsikie.

Shangazi aliketi sakafuni, palepale kwenye mitambo, mguu mmoja mtupu. Nilikuwa sijawahi kumwona sakafuni.

Puto, kisha stenti, kisha stenti ya pili, vilichukua karibu saa nzima. Tabasamu aliruhusiwa kuondoka, akakataa. Alisema atasubiri kuona. Saini alileta kitabu, akaniambia nisaini kwamba nimerudisha waya moja. Nilisaini. Akaniambia niandike na saa. Nikaandika.

Kisha shangazi akaja benchini, akakaa kando yangu, na bila kunitazama akauliza swali moja tu: "Kwa nini?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanirudishia daftari.

"Andika yote. Usijifiche nyuma ya maneno makubwa. Ukimaliza hutanisomea mimi, utamsomea mwenye mshipa."

Kwa hiyo, Baba, hapa ndipo tulipofika. Usicheke, Sista amesema usicheke mpaka kesho kutwa.

Jumatatu jioni, daktari alipokuja na karatasi ya kusaini, nilikuwa nyuma ya pazia nakula maembe yako. Nilimsikia akisema ile ngumu, ncha yake inaweza kutoboa mshipa, na ikitoboa, damu inamwagika kuuzunguka moyo na moyo unashindwa kupiga. Ulisema, "Leta kalamu." Ukasaini palepale. Mimi nikaliweka embe chini.

Nikafikiri kama ninavyofikiri shuleni. Kengele isipolia, mtihani haufanyiki. Ile ngumu isipokuwepo, daktari atatumia laini, ikishindikana atakurudisha nyumbani, na nyumbani hakuna mtu wa kukutoboa. Saini alipokimbilia sahihi niliichukua bahasha, nikaifungua kwa chini kwa rula kama tunavyofungua barua za mwalimu mkuu, nikatia feni ili isiwe nyembamba, nikasugua gundi, nikairudisha. Tabasamu alikuwa nyuma yangu na simu yake, hakuniona, nami nikamtaja. Hilo ndilo linaloniumiza la pili.

La kwanza ni kwamba daktari aliposema hana wiki sita za kukupa, nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa shangazi, waya iko mgongoni mwangu, na bado nilitafuta njia ya kuirudisha stoo kwa siri ili ionekane ilikuwepo tu. Nilitaka uishi na nilitaka nisikamatwe. Nilitumia dakika ishirini na saba kutafuta vyote viwili, wewe ukihesabu ghorofa.

Sikujua kwamba mtihani ulikuwa umeshaanza na wewe uko ndani.

Ni mimi, Baba. Niliichukua mimi. Na ule ulimi wa kengele pia, uko ndani ya mto wangu bwenini.